Mzaha na Madaraka: Safari ya Dhihaka ya Kisiasa Hadi Kwenye Simu za Usevya

Dhihaka ya kisiasa inayosambaa leo kwa simu za mkononi nchini Tanzania ina asili mbili zilizokua kila moja kivyake kabla ya kukutana: utani wa makabila na katuni ya gazeti. Utani ulitoa ruhusa ya kumcheka mtu mzima mbele ya watu. Katuni ilitoa namna ya kumcheka mkubwa ambaye hayupo. Intaneti ilipofika iliyachanganya hayo mawili, na migogoro mingi iliyofuata, iwe ya polisi, ya mahakama au ya leseni, ilizunguka swali moja ambalo wahenga wa utani walikuwa wamekwisha kulijibu kwa upande wao: nani ana haki ya kumtania nani?

Utani haukuwa mzaha wa ovyo. Mwaka 1944 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha makala ndefu juu ya utani wa Tanganyika katika jarida la Africa. Aliuhusisha na vita vya karne ya 19 na misafara ya biashara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea miezi kadhaa hadi pwani walihitaji watu wa kuwapa maji, kuwalaza na kuwazika njiani, na watu hao walikuwa watani wao. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwakusanyia wasomaji maelezo ya utani wa makabila mengi ya nchi. Maelezo hayo yote yanakubaliana juu ya jambo moja: haki ya kumtania mtu ilifungamana na wajibu. Aliyemwita mtani wake mtumwa au mchoyo kwenye sherehe ndiye aliyetarajiwa msibani, akichimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Na aliyetaniwa hakuruhusiwa kukasirika. Akikasirika, aibu ilikuwa yake.

Bonde la Rukwa ni mahali ambapo masharti hayo bado yana maana. Usevya ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, katika Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuumega Mkoa wa Rukwa. Wenyeji wa eneo hilo ni Wapimbwe. Majirani zao ni Wafipa na Wakonongo, na tangu miaka ya 1970 wamekuja Wasukuma wengi na ng'ombe wao. Watu wa asili tofauti wanapogombea malisho, mashamba ya mpunga na maji, utani unakuwa njia ya kusema jambo kali bila kuanzisha ugomvi. Msemaji huanza kwa kicheko ili msikilizaji apate nafasi ya kulisikia jambo lenyewe.

Dhihaka iliyomlenga mtawala ilikwenda njia nyingine, nayo ilifuata teknolojia mapema kuliko inavyodhaniwa. Vikundi vya ngoma ya beni vya mwanzoni mwa karne ya 20 viliiga gwaride, vyeo na sare za majeshi ya kikoloni, na katika kuiga huko mlikuwa na heshima na kejeli kwa pamoja. Unguja, Siti binti Saad, mwanamke wa ukoo wa kitumwa aliyezaliwa Fumba, aliimba juu ya mahakimu, matajiri na mauaji ambayo mahakama iliyashughulikia vibaya. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo zikapigwa katika nyumba na mikahawa ya pwani nzima. Wimbo wake juu ya kesi ya Kijiti ulieneza habari kwamba mashahidi ndio waliofungwa, wakati mtuhumiwa ametoroka. Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliupata umbea wa mahakama ya Unguja bila gazeti na bila kujua kusoma. Kwa hiyo kejeli iliyobebwa na mashine ndogo hadi masikioni mwa watu wasiofahamiana ina karibu miaka 100 katika lugha ya Kiswahili.

Baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa zaidi na wachoraji. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga, mtu wa mjini mwenye ujanja mwingi na bahati ndogo. Gazeti lilikuwa la chama tawala, kwa hiyo Chakubanga hakuweza kuwacheka viongozi waziwazi. Aliwacheka walanguzi, wavivu, walevi na wapenda anasa, na msomaji akajua mwenyewe ofisi gani ina watu wa namna hiyo. Jarida la SANI, lililopata jina lake kutoka kwa waanzilishi Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa Watanzania akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwa kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Magazeti binafsi yaliporuhusiwa katika miaka ya 1990, Ali Masoud alimleta Kipanya, panya anayesema neno moja pembeni ya picha, na mara nyingi neno hilo ndilo lenye uzito kuliko picha yote. Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kama Gado, aliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi na kuanza kuchora katika Daily Nation mwaka 1992. Baadaye alishiriki kuanzisha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi kilichoanza kurushwa mwaka 2009, ambamo marais na mawaziri wa Kenya walionekana kila wiki wakiwa wamevimba vichwa na midomo.

Kwenye televisheni ya Tanzania nafasi hiyo ilichukuliwa na kundi la Ze Comedy, lililoanzia East Africa TV na baadaye kuhamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga na wenzao waliiga sauti na miondoko ya wanasiasa wakati ambapo vibanda vya video vilikuwa vimefika hadi miji midogo. Mzaha wao ulikuwa mpole. Hata hivyo ulifanya jambo lenye faida kubwa: ulizoesha familia nzima, wazee kwa watoto, kukaa sebuleni na kumcheka waziri bila hofu.

Kufikia hapo mchekeshaji alikuwa mtu mwenye jina, mhariri na ofisi. Mtandao uliondoa vyote vitatu. Jukwaa lililoanza kama JamboForums na kuitwa JamiiForums mwaka 2008 liliruhusu watu kuandika kwa majina ya kubuni, na humo likakua kundi la waandishi wenye lugha ya mafumbo, wanaomtaja kiongozi kwa jina la utani ambalo wasomaji wote wanalielewa. Nyaya za mkongo chini ya bahari zilizofika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 zilipunguza gharama. Facebook, kisha Twitter, Instagram na WhatsApp, zikawapa watu uwezo wa kuchukua picha ya kiongozi, kuiandika neno moja chini yake na kuituma kwa maelfu kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku.

Mmoja wa viongozi wa kwanza wa ngazi ya juu kukutana na hali hiyo alitoka Mpimbwe. Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni, jirani kabisa na Usevya, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi 2015. Alijitambulisha kama mtoto wa mkulima, na jina hilo lilimjenga: lilimtofautisha na wanasiasa wenye majumba na lilikuwa la kweli, kwa kuwa bonde lake linaishi kwa jembe. Lakini jina ambalo kiongozi amejipa mwenyewe ni zawadi kwa mwenye kejeli. Kila bei ya mbolea au sukari ilipopanda, mtoto wa mkulima aliitwa aje aone. Kauli zake mbili zilidumu zaidi. Mwaka 2012, wakati wa mgomo wa madaktari, alitumia maneno "liwalo na liwe". Juni 2013 alisema bungeni kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakafungua kesi juu ya kauli hiyo. Kesi haikufika mbali kwa sababu za kisheria. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, rahisi kukumbuka, na yalikaa vizuri chini ya picha yoyote ya foleni, ya giza la umeme au ya basi lililoharibika. Watu waliyaandika hapo kwa miaka. Hukumu ya mahakama ilisahaulika mapema kuliko kibwagizo hicho.

Mwaka 2015 ulikuwa na mambo mawili yaliyokwenda kinyume. La kwanza ni sheria. Aprili mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 1. Kifungu cha 16 kiliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa nia zilizotajwa na sheria, ikiwamo kukashifu na kutisha. Mzaha, kwa asili yake, husema jambo lisilo la kweli ili kuonyesha lililo la kweli. Sheria iliyoandikwa kwa upana huo haikuacha mlango wowote kwa mtu anayetania.

La pili lilikuwa kicheko kikubwa cha kumsifu rais mpya. John Magufuli alipofuta sherehe za uhuru za Desemba 9, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, na kubana safari za nje za watumishi, watu wa Kenya na kisha Afrika nzima walianza kutuma picha kwa alama ya reli #WhatWouldMagufuliDo. Palikuwa na watu waliovaa mapazia badala ya nguo mpya na waliobuni kila aina ya ubahili wa kuchekesha. Wengi waliotuma walikuwa wakiwasema viongozi wao wenyewe: walimsifu jirani ili wa nyumbani asikie. Huo ulikuwa utani halisi, nao ulipokelewa kwa furaha kwa sababu ulielekea upande uliopendeza.

Furaha hiyo haikudumu. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa maneno ya kumkejeli rais aliyoyaandika Facebook, na kumpa adhabu ya faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3. Desemba mwaka huo Maxence Melo, mkurugenzi wa JamiiForums, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kufungwa mwaka mmoja. Kilichokuwa hatarini katika kesi hiyo ni kitu ambacho dhihaka ya mtandaoni haiwezi kuishi bila hicho: usalama wa asiyetaja jina lake. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliongeza leseni na ada zilizofikia jumla ya shilingi milioni 2 na zaidi kwa mwaka wa kwanza. Ni mchekeshaji gani wa kijijini angezilipa? Kisha usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 2020, ukaiunganisha kila namba na kitambulisho cha taifa.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa mwaka 2014. Mwishoni mwa Oktoba 2019, Rais Magufuli alipoadhimisha siku yake ya kuzaliwa, Idris alituma Instagram picha mbili ambazo sura yake na ya rais zilibadilishana: yeye kwenye kiti cha urais, rais kwenye mwili wa kijana. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alimwandikia palepale chini ya picha kwamba hajui mipaka ya kazi yake na akamtaka aripoti polisi. Alihojiwa na kuachiwa. Mei 2020 alikamatwa tena. Safari hii ilikuwa video ambayo ndani yake anacheka tu, akitazama picha ya zamani ya rais akiwa amevaa suti pana. Alikaa mahabusu zaidi ya wiki moja, na alipofikishwa Mahakama ya Kisutu mashtaka hayakuhusu kicheko. Yalihusu laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake.

Jambo hilo linastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa linaonyesha ugumu wa dola mbele ya mzaha. Kumshtaki mtu kwa kucheka kungelazimisha mahakama kueleza kwa maandishi kilichochekesha. Usajili wa laini hauhitaji maelezo hayo. Na kuna jambo zito zaidi. Viongozi wa Tanzania, Magufuli naye alikuwa mmoja wao, wamezoea kuwatania wananchi majukwaani kwa makabila yao, kwa vyakula vyao, hata kwa idadi ya wake zao, na umati hufurahi. Kwa masharti ya utani, aliyemtania mwenzake amejifungia mlango wa kukasirika. Rais anayemtania raia jukwaani na raia anayeshtakiwa kwa kumjibu kwenye simu hawapo tena katika utani. Mmoja amebaki na haki, mwingine amebaki na wajibu.

Kicheko hakikusimama. Mei 3, 2020, Magufuli alisema akiwa Chato kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zimerudi na virusi vya korona, na ndani ya saa chache mapapai yaliyovalishwa barakoa yalikuwa yameenea Afrika Mashariki yote. Akaunti isiyo na uso ya Kigogo2014 iliendelea Twitter ikichanganya siri za ofisi na matusi ya kuchekesha. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulipokaribia, mitandao ya kijamii ilizuiwa, na maelfu ya watu wa kawaida wakajifunza kwa mara ya kwanza kutumia VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao.

Kwa watu wa Usevya historia hii ilikuwa na kasi yake. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyomalizika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kuingiza bidhaa na magazeti katika eneo hilo, na kutoka Mpanda bado palikuwa na safari ndefu ya barabara kupita katikati ya hifadhi. Katuni ya siku ilifika ikiwa imezeeka. Mambo yalianza kubadilika minara ya simu ilipojengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kampuni ya Halotel ilipoanza huduma mwaka 2015 ikilenga vijiji. Lakini simu janja si ya kila mtu. Wengi wana kitochi. Mwenye simu janja huweka bando dogo, na bando likiisha hubaki na kile alichokwisha kupakua. Mzaha hupita kwa WhatsApp, kisha kwa kurushiana kutoka simu hadi simu bila intaneti, kisha kwa memori kadi kwenye kibanda cha kuchajia simu, na mwisho kwa mdomo.

Njia hiyo imechagua aina ya dhihaka inayodumu. Video ndefu inakula bando, kwa hiyo haifiki mbali. Katuni yenye maandishi mengi haisomeki kwenye kioo kidogo. Zinazofika ni picha moja yenye neno moja, stika, na sauti fupi za WhatsApp ambazo msemaji anaiga waziri, mwenyekiti wa kijiji au mhubiri. Sauti ina nguvu ya pekee: haihitaji mtu ajue kusoma, inasikilizwa na watu 10 kwa simu moja, na asili yake ni vigumu kufuatilia. Kwa namna hiyo mzaha uliotungwa Dar es Salaam, ukifika Usevya, hauna tena mwandishi. Umerudi kuwa mali ya watu wote, kama utani ulivyokuwa kabla ya magazeti.

Kampeni iliyoonyesha uwezo wa kicheko hicho ni ya tozo za miamala. Julai 15, 2021, chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, serikali ilianza kukata kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa kwa simu, mbali na makato ya kampuni. Kwa mtu wa mjini mwenye akaunti ya benki huo ulikuwa usumbufu. Kwa Usevya, ambako wakala wa pesa za simu ndiye benki, ambako mnunuzi wa mpunga hulipa kwa simu na mtoto aliye shule ya mbali hutumiwa ada kwa simu, tozo iligusa kila nyumba. Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, aliposema kwamba wasiotaka tozo wahamie Burundi, aliwapa wachekeshaji wa nchi nzima kazi ya wiki kadhaa. Watu waliulizana nauli ya kwenda Bujumbura, wakapiga picha na mabegi, wakaaga ndugu zao. Mkoani Katavi, ambako wakimbizi wa Burundi walipokewa Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970, mzaha huo ulikuwa na ladha ya pekee, maana watu waliijua safari hiyo kwa upande wake wa pili.

Septemba 2021 serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Haitakuwa sahihi kusema mzaha ndio uliofanya kazi hiyo peke yake. Wanasheria walikwenda mahakamani, mawakala walilalamika, na watu walipunguza kutuma pesa, jambo ambalo hazina inalisikia haraka kuliko kelele yoyote. Mchango wa mzaha ulikuwa mwingine. Uliwaonyesha watu waliotawanyika, mkulima wa Mpimbwe na machinga wa Kariakoo, kwamba kila mmoja anakatwa na kila mmoja amechukia, bila yeyote kuhitaji kuitisha mkutano unaohitaji kibali.

Nchi jirani zilikwenda mbali zaidi. Uganda, kundi la wachekeshaji la Bizonto lilikamatwa Julai 2020 kwa video ambayo ndani yake lilijifanya kuwaombea viongozi, likitaja majina na vyeo mpaka msikilizaji akagundua kwamba wengi wanatoka upande mmoja wa nchi. Aprili 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika Waganda kuonyesha mashimo ya barabara za Kampala kana kwamba ni vitu vya maonyesho. Watu walileta picha za mashimo yenye samaki wa kuhaririwa, mashimo yenye waogeleaji, mashimo yaliyosherehekewa siku ya kuzaliwa. Rais Yoweri Museveni aliagiza shilingi bilioni 6 za Uganda zitolewe kuyaziba. Kenya, wakati wa mapambano dhidi ya Muswada wa Fedha wa 2024, vijana walimwita Rais William Ruto kwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mti, na wimbo wa kumtaka ashuke ukasikika TikTok na mitaani. Muswada uliondolewa Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni na baadhi yao kupigwa risasi. Desemba mwaka huo Gideon Kibet, mchoraji anayejulikana kama Kibet Bull kwa picha zake za vivuli vya kumdhihaki rais, alitekwa. Aliachiwa Januari 6, 2025. Wakenya walipata walichodai, lakini hakuna anayeweza kusema kicheko kiliwalinda.

Tanzania nayo, baada ya matumaini yaliyoletwa na mabadiliko ya rais mwaka 2021, ilirudi kwenye mvutano uleule. Septemba mwaka huo mchora katuni Optatus Fwema alikamatwa kwa sababu ya katuni ya Rais Samia Suluhu Hassan aliyoiweka Instagram, na akaachiwa kwa dhamana Oktoba. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, baada ya gazeti la The Citizen kuweka mtandaoni kibonzo cha mwanamke anayebadilisha vituo vya televisheni, na kila kituo akikutana na mtu anayemlilia ndugu aliyepotea au kuuawa. Kibonzo hicho hakikuchekesha mtu yeyote. Kilitumia vifaa vya katuni, yaani mchoro na kurudia, kusema jambo ambalo habari ya kawaida ilikuwa imelisema mara nyingi bila kusikika. Kwa kipimo cha sanaa hiyo, ni moja ya kazi nzito zilizowahi kutoka Tanzania, na kilifutwa ndani ya muda mfupi.

Oktoba 2023 mamlaka hiyo ilikuwa imetaka kila anayetumia VPN aisajili. Mei 2025 mtandao wa X, uliokuwa Twitter, ulifungwa nchini, na Septemba JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa maandamano na mauaji yaliyofuata. Iliporudi, simu zilipokea ujumbe wa kuonya dhidi ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki. Majukwaa yaliyoathirika zaidi na hatua hizi ni yale ya wazi, ambako mwandishi wa Dar es Salaam hujadiliana na waziri mbele ya watu wote, na watumiaji wake wengi wako mijini. Usevya haikuwahi kuyategemea. Magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya kwaya na ya wakulima, sauti fupi zisizo na mwenyewe na memori kadi vilibaki kuwa njia za mzaha katika bonde hilo, pamoja na utani wa ana kwa ana wa sokoni na msibani, ambao hadi sasa hauhitaji leseni ya mtu.